Fungu la Wifi

Siku hizi matanga hayaanuliwi mpaka ndugu wagawane uzito wa msiba. Kila mmoja huvaa kikuku mkononi na kuchukua fungu lake, ili mwili wa mfiwa upate nafuu.

Mwanakombo alikataa katakata. Tangu wamzike mumewe, magoti yalimgoma, chakula kilimkaa kooni na ngazi za nyumba yake mwenyewe zilimshinda. Hata hivyo aling'ang'ania majonzi yake.

"Wifi, utatufia na wewe," alisema Saumu, dada wa marehemu. "Nipe mimi. Alikuwa kaka yangu kabla hajawa mumeo."

Mwanakombo akalegea. Wakagusanisha vikuku, na papo hapo pumzi ikamshuka mpaka tumboni. Akala sahani nzima ya wali, akaongezewa. Kisha akapanda ngazi bila kushika ukuta, huku akicheka peke yake jinsi mwili ulivyokuwa mwepesi.

Juu, mlangoni, akakuta viatu vya mumewe, vingali na vumbi. Akavisukuma kando kwa mguu, apate kupita.

Huko chini, Saumu alikuwa akiomba mtu amsaidie kuinuka mkekani.