Jiwe Chini ya Bomba

Bomba lilipasuka tena kwenye kompyuta. Rangi ya kijani ikageuka njano, kisha nyekundu, na ufa ukakimbia kutoka kwenye mbonyeo kama nguo inayochanwa. Mhandisi akashusha pumzi, akafuta jasho kwa kiganja.

"Punguza presha kwanza," alisema mkuu wake, aliyesimama nyuma ya kiti. "Halafu ndiyo uliondoe jiwe."

Lilikuwa bomba la gesi, na jiwe lenyewe lilikuwa limelikandamiza kwa chini mpaka chuma kikabonyea. Jiwe likikaa mahali pake, mbonyeo unatulia. Likiondolewa, gesi inausukuma mbonyeo kwa ghafla, na hapo ndipo chuma kinapochanika. Aliyepangiwa kuling'oa ni mdogo wake mhandisi, wa kuzaliwa tumbo moja, kiongozi wa wachimbaji na mtu wa mzaha, aliyezoea kumwambia kwamba kazi ya kukaa kwenye kiti cha kuzunguka inanenepesha makalio tu.

Nje, kwenye benchi la korido, mke wa mdogo wake alikuwa akisubiri tangu asubuhi. Chai aliyopelekewa ilikuwa imepoa bila kuguswa. Alikuwa ameomba kuambiwa jambo moja tu, naye mhandisi alikuwa ameapa kutomdanganya.

Akapunguza presha kidogo. Bomba likapasuka. Akapunguza tena, likapasuka vilevile.

"Mkuu, tuishie hapa," alisema. "Haiwezekani."

"Shusha hadi nusu. Kufunga valvu si kazi ya kumtoa mtu jasho."

Mhandisi akautazama mlango. Vidole vilikuwa vizito, lakini akashusha presha hadi nusu, kisha akaliondoa jiwe. Mbonyeo ukajikunjua taratibu, ukasimama. Rangi ikabaki kijani kila upande, na bomba likabaki zima.

Mkuu alimshika bega. Mhandisi akainamia meza, akalia kwa sauti bila kuona haya.

Alipotoka, shemeji yake alisimama. Alikuwa ameikumbatia kofia ya kazi ya mumewe, iliyoungua upande mmoja.

"Niambie, shemeji," alisema. "Niambie tu kwamba hakuna kitu ambacho kingemwokoa."