Kiti cha Pumba

Kiti kilikuwa kimenunuliwa mara tatu, na bado kilikuwa palepale juu ya meza ya mnada.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno kanisani Madibira. Ibada imekwisha, waumini wamejaa uwanjani, na mwinjilisti Vitus ananadi sadaka: magunia ya mpunga, majogoo, maboga. Katikati ya baraka zote hizo kilikaa kiti cha Sosthenes, mbunifu mwenye karakana yake Kihesa, Iringa, kijana aliyezaliwa hapahapa Madibira na kurudi amevaa miwani yenye fremu ya mianzi.

Kiti hakikuwa na ubao wala msumari. Sosthenes alichukua pumba za mpunga, akazichanganya na gundi aliyoipika mwenyewe kwa molasi na unga wa muhogo, akazishindilia mpaka zikawa ngumu. Kwenye maonyesho ya Dar es Salaam kilipigwa picha hadi kikatia huruma. Watu walikizunguka, wakakisifu, wakaandika maneno marefu kukihusu. Kukikalia, hakuna aliyekikalia.

Hiyo ndiyo shida iliyomleta Eveline, afisa wa shirika linalosaidia wabunifu. Shirika lake lilikuwa tayari kumpa Sosthenes mashine kubwa ya kushindilia pumba, kwa sharti moja: Eveline aone kwa macho yake mwananchi wa kawaida akikinunua kiti na kwenda kukitumia nyumbani. Asipopatikana, mashine inakwenda kwa mbunifu mwingine, na Sosthenes anafunga karakana na kurudi kubadilisha vioo vya simu, kazi aliyoapa mbele ya mama yake kwamba hataifanya tena.

"Naona wanakigombania!" Eveline alisema kwa furaha.

Sosthenes alitabasamu kwa shida. Yeye alikulia katika kanisa hili.

Devota, mwenyekiti wa kwaya ya akina mama, alipandisha bei, akashinda, akapigiwa vigelegele. Akaja mbele, akakigusa kiti kwa ncha ya kidole, akatangaza, "Ninakirudisha kwa Bwana!"

"Haleluya!" uwanja ukaitikia, na kiti kikaanza kunadiwa upya.

Desturi ni nzuri. Mtu mwenye moyo mkunjufu hununua sadaka, akairudisha, ikanadiwa tena, na kanisa likafaidi mara mbili. Jogoo hurudishwa mara moja, halafu mtu anapata mchuzi wake. Lakini kiti hiki kilirudishwa na kila aliyekinunua. Haijapata kutokea Madibira watu wakamtolea Bwana kitu kwa wepesi namna ile. Hata Paskalina, mama mzazi wa Sosthenes, alikinunua na kukirudisha. Alipoona mwanawe anamtazama, akajifanya anafunga kitenge vizuri.

Ndipo akasimama Bujiku.

Bujiku alikuwa mfugaji, Msukuma aliyehamia bonde la Usangu na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Si muumini wa hapo. Alikuja kwenye ubatizo wa mjukuu wake. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kimemkausha hata uso. Alikizunguka kiti polepole, akakigonga, akakinusa. Kisha akakwangua kidogo kwa ukucha, akatia mdomoni. Watu wakaangua kicheko.

"Msimcheke," Sosthenes alisema. "Mzee anapima ubora."

"Umetia nini humu?" Bujiku alimuuliza.

"Pumba, mzee. Na molasi, na muhogo."

"Dawa?"

"Hata tone."

"Rangi?"

"Hakuna, mzee. Kila kitu ni cha asili."

Bujiku aliitikia kwa kichwa, akataja bei iliyomfanya Vitus asahau kuuliza nani anaongeza. Uwanja mzima ukasubiri.

"Sema sasa, baba: ninakirudisha kwa Bwana," Vitus alimkumbusha kwa upole.

"Nitakirudishaje, na nimekilipia?" Bujiku alishangaa. Akakibeba kiti begani, akaondoka nacho.

Sosthenes alilia mbele za watu, bila aibu. Eveline naye alifuta macho, akasema amesoma sana habari za hekima ya jadi, ila leo ndiyo kwanza ameiona ikitembea. Paskalina alimkumbatia mwanawe na kumwambia kwamba siku zote alijua kiti ni kizuri. Mungu amsamehe.

Ilibaki picha moja tu ya kupeleka ofisini: mzee amekaa kwenye kiti chake. Wiki iliyofuata wakaenda nyumbani kwa Bujiku, nje kidogo ya mashamba ya mpunga. Njia nzima Eveline alipanga namna mzee atakavyokaa, na wajukuu miguuni pake. Sosthenes alikuwa amejaa furaha ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza kazi yake imepata mwenyewe.

Bujiku aliwapokea kwa heshima kubwa. Akawaketisha kwenye viti vya plastiki, mkewe akawaletea maziwa kwenye vikombe vilivyojaa pomoni. Eveline akayasifu maziwa. Akatazama huku na huku, akaweka kamera tayari.

"Na kile kiti chetu, mzee? Mnakitumia kweli?"

"Tulikitumia, mama. Kilikwisha siku ileile," Bujiku alisema, akamgeukia Sosthenes kwa uso wa shukrani. "Niletee vingine ishirini, mwanangu. Miguu usihangaike nayo, ila tia chumvi kidogo. Ng'ombe watakula vizuri zaidi."