Msichana wa Getini

Picha ya yule msichana ilikuwa kwenye shina la mti karibu na kituo cha basi. Ilikuwa tena kwenye mlango wa duka la mikate. Walipofika nyumbani kwa kina Ognyan, Leire akaikuta imebandikwa katikati ya geti, mahali ambapo kila anayeingia lazima aitazame.

Ognyan aliligusa shavu la picha kwa vidole viwili, akasukuma geti, akaingia.

Leire akabaki nyuma. Msichana alikuwa anacheka. Nywele zake nyeusi zilisukwa mkia mmoja, ukaletwa mbele begani. Chini kulikuwa na maandishi na namba. Leire alikuwa ametoka Hispania mwezi uliopita tu, na herufi za Kibulgaria bado zilimchanganya. Labda ni mwimbaji, aliwaza. Labda anagombea udiwani. Lakini mgombea haguswi shavuni.

Kule Sofia, chuoni kwao, Ognyan ndiye aliyembebea masanduku siku ya kwanza. Ndiye aliyeivua skafu shingoni mwake na kumfunga yeye baridi ilipoanza. Juzi akamwambia, kwa Kihispania chake cha darasani, "Wikendi hii siwezi kukaa huku. Njoo Plovdiv nikuonyeshe mji wetu." Leire aliapa moyoni kwamba kabla hawajarudi atamwambia anampenda.

Hakujua kwamba mji una mwenyewe.

Jumamosi asubuhi alimkuta Ognyan jikoni, amevaa shati lililopigwa pasi. Babu yake, mzee Stamen, alikuwa anafunga maua kwa uzi. Ndani ya kikapu kulikuwa na chupa ya divai.

"Wewe kunywa chai taratibu," Ognyan alisema. "Tunakwenda kwake mara moja, tunarudi."

"Kwa nani?"

Akaelekeza kidevu upande wa geti. "Kwake."

Walirudi macho yao mekundu, wote wawili. Leire akamtazama mzee na kuwaza: hata babu mtu anamtaka yule.

Mchana walizunguka mji. Walikaa kwenye ngazi za marumaru za ukumbi wa kale wa Warumi, jua likiwapiga mgongoni.

"Hapa ndipo aliponifundisha kupiga mluzi," Ognyan alisema. "Mlinzi akaja kutufukuza. Yeye akamjibu, akamjibu, mpaka mlinzi ndiye akaomba radhi."

"Nani?"

"Yeye yule. Wa getini."

"Ana mdomo, basi."

"Mdomo tu? Mtaa mzima ulikuwa unamwogopa."

Leire akachokonoa ufa wa jiwe kwa ukucha. "Ni mzuri," alisema, na neno lenyewe likawa chungu.

"Kwenye ile picha, eh?" Ognyan akatabasamu. "Mimi nilimzoea na kitambaa kichwani, aproni imejaa unga."

Kwa hiyo alikuwa anampikia. Leire hakujua hata kukaanga yai bila kukipasua kiini.

Walipita kwenye nyumba za zamani zilizopakwa rangi. Kila kona ilikuwa na habari zake. Dirisha hili aliwahi kulivunja kwa kiatu, akimlenga paka. Kwenye benchi ile alikuwa anabangua mbegu za alizeti na kutema maganda, akimsema kila apitaye. Ognyan alisimulia huku anacheka, kisha ananyamaza, na Leire hakujua kipi kinamuuma zaidi, kicheko au kimya.

Walipanda kilima cha Nebet. Mapaa mekundu yalikuwa chini yao, na huko ndiko alikopanga kulisema lake. Akavuta pumzi.

"Angekuwa hapa," Ognyan akawahi, "angekulazimisha ule. Asingekuacha na mikono hii kama vijiti."

Leire akazirudisha pumzi zake.

Jioni, getini, jirani mmoja mama mnene aitwaye Penka alikuwa anawagawia wapita njia ngano iliyochemshwa, imenyunyiziwa sukari, katika vikombe vidogo.

"Huyu ndiye Mhispania wako?" alimuuliza Ognyan. "Mwembamba hivi! Mwambie ale, upepo wa mtoni usije ukatunyang'anya."

Kila aliyepokea alisema maneno mafupi kwanza, sauti chini, ndipo akala. Leire alisema asante. Watu wakatazama vikombe vyao. Penka hakumsahihisha. Alimpapasa shavu tu, akamwongezea sukari, kisha akaionyesha picha na kuweka mkono kifuani. "Radka," alisema. "Ah, Radka."

Watu wakaondoka. Ognyan akaingia ndani kumsaidia Penka na vyombo. Leire akabaki peke yake na kile kicheko. Akakamata karatasi kwa ukingo wa juu, akaichana yote, akaifinyanga na kuizamisha mfukoni mwa koti.

Usiku ule mzee Stamen alimkatia kipande cha pembeni cha mkate wa jibini, kile kilichokauka vizuri ambacho kila mtu hukitaka. Leire alikila bila kuinua macho.

Asubuhi alikuwa amekwisha amua. Angerudi Sofia peke yake, na chuoni angetafuta kiti kingine, mbali. Alitoka na begi lake, akamkuta mzee getini na kopo la gundi, anabandika picha nyingine ile ile.

"Babu anasema ni upepo," Ognyan alimwambia kutoka kando ya geti. "Huwa unazibandua."

Leire akakaza mkono mfukoni. Mzee alilainisha pembe za karatasi kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Akageuka, akamwona Leire anavyoitazama. Akacheka kidogo, akasema maneno mengi.

"Anasema usishangae," Ognyan akatafsiri. "Wakati tunamzika alikuwa na mvi kichwa kizima. Ila bibi alishaniagiza mwenyewe: nikifa, kwenye matangazo ya msiba bandikeni ile ya mwaka nilioolewa, watu wajue babu yako hakuwa kipofu."