Chai ya Chumvi

Chai ilikuwa na chumvi tena. Mwanakheri aliitema kwenye sinki, akaugeukia ukuta. Siku hizi kila mwandishi huwekewa jikoni mashine ya kumtia hamasa mpaka kitabu kiishe, na ya kwake ilikuwa imeng'amua kwamba huandika vizuri akiudhiwa.

"Jana umenikatia maji nikiwa na povu kichwani. Leo chai. Umenichosha, wewe."

"Lakini sura ya ugomvi imetoka vizuri sana, bibie," mashine ilijibu kwa upole. "Sasa imebaki ile ambayo mke anafiwa na mumewe."

Huko chumbani Shekue, mumewe, alikuwa akivaa viatu huku akipiga mluzi.

Mashine ikawasha jiko. "Yeye huwa anatia vijiko vingapi vya sukari?"