Mkanda Mkali

Kibwana alikuwa amefuta alama ya marehemu Sudi kwenye kisu, na mama yake Sudi alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana akikingoja.

Mikanda miwili ya msasa ilining'inia karibu na mashine ya kusugulia: mmoja laini, unaokula kutu taratibu, na mwingine mkali, unaokula hata chuma. Hitima ya Sudi ilikuwa siku ileile na nyama ilingoja kukatwa. Kibwana alikuwa amechagua mkali.

"Haya, mama. Kimetakata."

"Loo! Kinang'aa kuliko meno yako," Bi Mosi alisema. Akapitisha kidole gumba karibu na mpini, pale ambapo kila mhunzi wa mji ule hugonga alama yake chuma kikiwa bado chekundu. Akageuza kisu, akapapasa tena. "Mwanangu aligonga upande gani?"

"Huo wa kwanza, mama."

"Mbona sisikii kitu?"

Kibwana akazima mashine.

"Nilifunga mkanda mkali. Ule laini ungetuchelewesha."

Visu vingine vya Sudi vilikuwa vimeshaondoka na wasafiri. Bi Mosi hakuacha kupapasa. Kilichotoka ni kutu, chuma chembamba kama ganda la kitunguu, na alama ya mwisho ya Sudi iliyobaki mjini.