Maji ya Aliyetia Sahihi

Sheria ni moja: ukitia sahihi tangi la mafuta lifukiwe kwenye ardhi ya Waogiek, nyumba yako itakunywa maji ya kisima kilicho kando yake mpaka siku tangi litakapofukuliwa.

Tabelgaa alitia sahihi. Alidai tangi la kuta mbili na sakafu ya zege, akavipata. Kila asubuhi alichota ndoo, akayapima maji kwa mtambo wa kutambua mafuta, taa ikawaka kijani, akabandika chai.

Alhamisi hii taa iliwaka kijani vilevile. Lakini hapakuwa na hata nyuki mmoja aliyekuja kunywa ukingoni mwa kisima, na mizinga ya karibu ilikuwa kimya.

"Mtambo unasema ni salama," alisema Sironga, mumewe.

"Mtambo haujawahi kuhama mzinga."

Tabelgaa alizima pampu zote za kituo cha mafuta, akafunga lango kwa mnyororo, akawaita wachimbaji waje kulifukua tangi. Malori yalipiga honi barabarani. Hakugeuka.

Jikoni alimkuta binti yake, mjamzito wa miezi saba.

"Taplelei, nyuki uliwaona lini mara ya mwisho pale kisimani?"

"Jumapili, mama," alijibu, akakiweka kikombe cha chai mezani, kikiwa kitupu.