Baruti Kisiwani kwa Shakwe

Vuai alipowasha utambi wa chupa ya baruti, dada yake Mize, mlinzi wa kisiwa wanakotaga shakwe, alimrukia ndani ya mtumbwi.

"Niache! Dagaa wamejaa hapa!"

"Wamejaa kwa sababu miaka mitatu hapavuliwi, kaka! Ukiwaua, makinda watalishwa nini?"

Vuai akampiga kafi ya mdomo, jino likaruka. Mize akamng'ata mkono mpaka chupa ikamtoka, akaidaka, akairusha juu. Ililipuka kabla ya kugusa maji. Vigae vilimchana Vuai shavu, vikamkata Mize vidole viwili.

Walibaki wakitazamana, wakihema, damu ikichuruzika mtumbwini. Juu yao shakwe waliotawanyika walianza kurudi mmoja mmoja, dagaa wakimetameta midomoni mwao.